Rangi ya ndani ya gari la kale: namna ya kujua kama ndiyo iliyotoka kiwandani

Nilikuwa nimeshapatana bei na muuzaji, kule Lavington, Nairobi, kabla sijainua kiti cha nyuma. Gari lilikuwa Mercedes-Benz 280 SE ya mwaka 1983, umbo lile linaloitwa W126. Mwili wake rangi ya fedha, viti vyeusi vya ngozi vilivyong'aa kama viatu vya askari siku ya gwaride. Nilikiinua kiti nikitafuta kutu. Pale chini, ngozi inapokunjwa na kubanwa kwenye fremu, nikakuta buluu: ukanda wa upana wa vidole viwili, buluu iliyokolea, haujaguswa na jua wala nguo ya mtu tangu siku uliposhonwa. Viti vyote vilikuwa vimepakwa nyeusi juu ya buluu. Muuzaji alishikilia kwamba gari lilikuja hivyo, na ninaamini alisema alivyoambiwa na aliyemuuzia yeye.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikikagua rangi ya ndani kwa utaratibu, hatua kwa hatua, na ndio huo ninaokueleza hapa. Nitatumia sana mfano wa W126 kwa sababu ndilo gari la kifahari la zamani ninalolijua hadi misumari yake, na kwa sababu Nairobi bado inayo. Lilitengenezwa kuanzia 1979 hadi 1991, miaka ambayo neno WaBenzi lilikuwa midomoni mwa kila mtu, na wenye vyeo, mabalozi na wakurugenzi wa makampuni waliyapanda. Baadaye yakauzwa, yakauzwa tena, na kila mwenye nyumba mpya akaweka pazia lake. Kenya hairuhusu kuingiza gari la mtumba lenye zaidi ya miaka minane, kwa hiyo gari la miaka ya themanini unalolikuta hapa mjini kwa kawaida limeishi maisha yake hapa hapa. Jua lililolipiga ni jua letu, na mafundi waliolishona ni mafundi wetu. Hilo husaidia sana kulisoma.

Kwanza tuelewane. Kiti kinaweza kuwa na rangi ya kiwandani iliyochakaa. Kinaweza kuwa na ngozi ya kiwandani iliyopakwa upya rangi ileile. Kinaweza kushonwa upya kabisa kwa rangi ileile. Na kinaweza kubadilishwa rangi. Hayo ni mambo manne tofauti, yenye thamani nne tofauti, na wauzaji wengi huyaita yote kwa neno moja, "orijino". Kazi yako ni kujua ni lipi kati ya hayo manne liko mbele yako.

Anza na makaratasi, ukiwa bado nyumbani

Usiende kuona gari bila kujua lilipaswa kuwa na rangi gani. Mercedes-Benz ilitoka kiwandani na kadi ya data, yaani orodha ya namba ya fremu, namba ya injini, rangi ya mwili, kodi ya viti (kodi hapa ni msimbo wa namba, si ushuru) na vifaa vyote vya ziada. Wenye bahati huikuta imekunjwa ndani ya pochi ya vitabu vya gari. Ikiwa imepotea, mwenye gari anaweza kuulizia nakala kupitia wakala au idara ya magari ya kale ya kampuni, akionyesha kwamba gari ni lake. Mwombe muuzaji afanye hivyo kabla hujalipa.

Kodi ya viti ina tarakimu tatu. Ya kwanza inataja kiti kimefunikwa kwa nini: 0 ni kitambaa, 1 ni MB-Tex, ile ngozi bandia ngumu ambayo mafundi wetu huiita reksini, 2 ni ngozi halisi, na 9 ni mahameli. Mbili zinazofuata ndizo za rangi. Kwa hiyo gari ambalo kodi yake inaanza na 1 likija mbele yako na viti vya ngozi, viti hivyo si vyake, hata kama rangi inafanana kabisa na ya kwenye kadi. Watu wengi huiruka tarakimu hii ya kwanza, na ndiyo iliyonisaidia mara nyingi zaidi kuliko nyingine.

Ukifika kwenye gari, fungua boneti. Juu ya fremu inayoshika rejeta kuna kibati kidogo chenye namba zilizogongwa. Humo kuna kodi ya rangi ya mwili: 040 ni nyeusi, 904 ni buluu iliyokolea, 623 ni ile rangi hafifu ya pembe ya ndovu ambayo teksi za Ujerumani zilivaa. Kuna pia kodi za vifaa vya ziada. 430 ni maegemeo ya kichwa ya nyuma, 873 ni viti vya mbele vya kupashwa joto. Kama kiti cha nyuma kina maegemeo ya kichwa na 430 haipo popote, huenda kiti chote kimetoka kwenye gari jingine.

Soma pia namba ya fremu. Kwenye zile zinazoanza na WDB126, alama ya kumi ikiwa 1 gari lilitengenezwa na usukani wa kushoto, ikiwa 2 usukani wa kulia. Ukikuta 1 na usukani uko kulia, dashibodi imebadilishwa, na rangi yake haiwezi kukutolea ushahidi wa chochote.

Logibuku haitakufaa sana hapa, maana inataja rangi ya mwili tu. Lakini rangi hiyo ikipishana na ya kwenye kibati, jua kwamba gari limepakwa upya nje, na aliyethubutu kubadilisha nje huenda aligusa na ndani.

Kwa magari mengine njia ni hiyo hiyo, milango tofauti. Jaguar na Daimler zina Jaguar Daimler Heritage Trust, inayotoa cheti chenye rangi ya mwili na ya viti kama ilivyoandikwa kiwandani. Kumbukumbu za Rolls-Royce zimehifadhiwa na Rolls-Royce Enthusiasts' Club kule Uingereza. Toyota Crown ina kibati chenye maandishi C/TR: kodi ya kwanza ni ya mwili, inayofuata ni ya ndani.

Chagua mwanga

Rangi ileile huwa tatu tofauti ukiiona chini ya taa ya gereji, kwenye jua la saa saba, na kwenye kivuli. Taa za chumba cha mauzo ndizo mbaya zaidi, kwa sababu rangi mbili zisizofanana huweza kuonekana pacha chini yake, kisha zikaachana mara gari linapotoka nje. Nairobi inatupa zawadi ambayo wengi hawaioni: zile asubuhi za Julai, mawingu yametanda, mwanga umetawanyika sawasawa bila vivuli vikali. Hakuna saa nzuri zaidi ya kulinganisha mlango na kiti. Kama ni Januari na jua linawaka, liweke gari kivulini, milango yote minne wazi, na usubiri kidogo macho yazoee. Ukipiga picha kwa simu, weka karatasi nyeupe ndani ya picha, la sivyo simu itakuchagulia rangi yake.

Beba tochi, vitambaa viwili vyeupe vya pamba, maji yenye sabuni kidogo ya maji, na lenzi ya kukuzia kama unayo. Vua saa na mshipi wenye chuma. Gari la mtu ni la mtu.

Nenda mahali jua halifiki

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na hapa usiwe na haraka.

Anza na kiti cha nyuma. Kwenye W126, na kwenye Mercedes nyingine nyingi za enzi hizo, chini ya ukingo wa mbele wa kiti kuna vishikio viwili vya plastiki, kulia na kushoto. Visukume, inua ukingo wa mbele, vuta kiti kwako. Kinatoka bila bisibisi. Kigeuze juu chini na utazame ukingo ngozi ilipokunjwa. Hiyo ndiyo rangi ya kiwandani, au rangi ya fundi wa mwisho aliyekishona. Utazitofautisha kwa yaliyomo ndani. Kiti cha zamani cha Mercedes kina springi, na juu yake mto wa nywele zilizotiwa mpira, wa kahawia, ambao ukizeeka humwaga vumbi kama la tumbaku kwenye sakafu. Ukikuta vumbi hilo, furahi. Ukikuta sponji ya manjano iliyokatwa kwa kisu, ile ya magodoro, kiti kimefunguliwa na kushonwa hapa nyumbani.

Ukiwa umekitoa kiti, tazama sakafu. Ukingo wa zulia uliokuwa umefichwa chini ya kiti haujakanyagwa kwa miaka arobaini. Ulinganishe na zulia la miguuni. Usishtuke ukiona tofauti kubwa. Udongo wetu mwekundu huingia ndani ya nyuzi na hautoki wote, na nimewahi kuona zulia la rangi ya maziwa ambalo kila mtu aliapa ni la kahawia, hadi tulipoinua vibao vya vizingiti vya milango na kukuta ukanda mweupe kama mtindi.

Endelea: nyuma ya vizuia jua. Ndani ya kisanduku cha dashibodi. Chini ya kifuniko cha sanduku la huduma ya kwanza, ambalo kwenye W126 liko juu ya rafu ya nyuma, mahali panapopigwa na jua kuliko popote ndani ya gari. Inua kifuniko hicho na utaona rangi mbili za rafu kando kwa kando, iliyochomeka na iliyohifadhiwa. Rafu isiyo na tofauti hiyo kabisa, kwenye gari lililoishi Nairobi, ni mpya.

Vuta mkanda wa usalama mpaka mwisho. Sehemu inayobaki imejikunja ndani ya nguzo haioni jua, na kwenye mkanda huwa kuna lebo yenye mwezi au mwaka wa kutengenezwa. Mwaka huo ulingane na gari. Vipande vingi vya plastiki pia vina muhuri wa tarehe kwa nyuma, duara dogo lenye mshale, pamoja na namba ya kipande inayoanza na A. Kwenye gari la W126 tarajia tarakimu 126 baada ya hiyo A kwenye vipande vingi, ingawa vingine vilishirikiwa na aina nyingine za magari.

Tofautisha ngozi na reksini kabla ya kulaumu

Hapa ndipo wakaguzi wengi hukosea, na wamewahi kukosesha watu magari mazuri. Gari likiandikwa "ngozi", haimaanishi kila kitu ni ngozi. Wenye viwanda waliweka ngozi pale unapokaa na unapoegemea. Mgongo wa viti vya mbele, sehemu kubwa ya milango, na mara nyingi pembe za viti, vilikuwa reksini iliyotiwa rangi ifanane. Siku ya kwanza vilifanana. Baada ya miaka arobaini havifanani tena, kwa sababu ngozi hunyonya mafuta ya mwili, hukauka, hupasuka na kubadilika, na reksini hukaa ilivyo. Kiti cha kahawia kilichoiva na mlango wa kahawia uliobaki mbichi vinaweza vyote viwili kuwa vya kiwandani.

Vivyo hivyo, gari lenye viti vya rangi nyepesi kama krimu mara nyingi lilipewa dashibodi na zulia lenye rangi nzito zaidi, kwa makusudi, ili kioo cha mbele kisiakisi mwanga na uchafu usionekane. Kutofautiana kwa rangi si kosa mpaka uwe umejua mpango wa kiwanda ulikuwa upi. Picha za brosha ya mwaka husika zitakusaidia.

Kujua ngozi ni ipi, tazama upande wa nyuma, pale ulipoinua kiti. Ngozi ina manyoya mafupi kama ya suedi. Reksini ina kitambaa kilichofumwa.

Mbao nazo hutoa ushahidi. W126 za mwanzo zilikuja na mbao za zebrano, zenye mistari iliyonyooka, na zile za baada ya mabadiliko ya 1985 zilikuja na mbao za jozi (walnut) zenye mafundo. Gari la 1982 lenye jozi la mafundo limepewa vipande vya gari la baadaye, na wakati mwingine viti vilikuja pamoja navyo kwenye kifurushi kimoja kutoka Kirinyaga Road, barabara ya maduka ya vipuri hapa Nairobi.

Tafuta rangi iliyopakwa

Nilipopata ile buluu nilimpigia fundi wa viti ninayemwamini, mzee wa Ngara aliyeshona magari tangu kabla sijazaliwa. Alikuja, akainama, hakugusa ngozi hata kidogo. "Mkubwa, tazama uzi," akaniambia. Uzi wa kiwandani hutiwa rangi kabla ya kushona, kwa hiyo ukiupanua mshono kwa vidole gumba viwili, uzi ni laini na rangi yake inaingia hadi ndani. Kwenye kiti kilichopakwa, uzi umegandishwa na rangi, mgumu kama waya, na ndani ya tundu la sindano rangi ya zamani inachungulia. Akaupanua mshono mmoja. Buluu ikachungulia.

Mahali pengine pa kutazama ni ndani ya mikunjo na nyufa. Ngozi ya zamani ikipasuka, ndani ya ufa utaona rangi ya ngozi yenyewe, ya kahawia hafifu au kijivu. Ukiona ndani ya ufa kuna rangi ya tatu, si ya juu wala ya ngozi, hiyo ndiyo rangi ya kwanza. Tazama pia kingo: paipingi (ule ukanda mwembamba wa mviringo kwenye mshono), pembe za vitufe, skrubu za kiti, lebo. Mpakaji mwenye haraka huacha matone hapo.

Kisha kitambaa cheupe. Kitie maji yenye sabuni, kikamue hadi kiwe na unyevu tu, na usugue taratibu mahali pasipoonekana, mara kumi. Uchafu huja wa kijivu au wa kahawia. Rangi iliyopakwa vibaya huja kwa rangi yake yenyewe. Usitumie tina wala asetoni, hata muuzaji akikuruhusu. Vitaondoa hata rangi ya kiwandani na utakuwa umeharibu ulichokuja kukilinda.

Soma uchakavu kama njia ya miguu

Gari letu lina usukani kulia, kwa hiyo ukingo wa kulia wa kiti cha dereva ndio unaosuguliwa kila mtu anapoingia. Ndio unaotangulia kuisha. Lakini magari haya mengi yalikuwa na dereva wa kuajiriwa, na bosi alikaa nyuma kushoto. Kwenye gari la aina hiyo utakuta mahali pawili palipochoka, mbele kulia na nyuma kushoto, na kiti cha abiria wa mbele kikiwa karibu kipya. Nikiona ramani hiyo, moyo wangu hutulia. Viti vinne vyenye ulaini sawa, visivyo na hata mkunjo mmoja, kwenye gari lililotembea kilomita laki tatu, vimeshonwa au vimepakwa.

Jua nalo lina ramani yake. Huanza na rafu ya nyuma, kisha mabega ya kiti cha nyuma, kisha juu ya dashibodi na vichwa vya milango. Buluu huelekea kijivu. Damu ya mzee huchujuka kuelekea waridi. Kinachotakiwa ni kufifia kwa hatua, polepole, kutoka palipofichika hadi palipo wazi. Mahali rangi inapokatika ghafla kwenye mshono, kipande kimoja ni kigeni.

Andika ulichoona

Chora gari kwenye karatasi ukilitazama kutoka juu, na kwa kila kipande uandike moja ya yale manne niliyotaja mwanzo: kiti cha dereva, kiti cha nyuma, kila mlango, zulia, dashibodi, dari, rafu, mikanda. Kitambaa cha dari usikipe uzito sana. Gundi yake huachia kwenye magari ya umri huu, na dari iliyobandikwa upya kwa rangi ileile haiondoi chochote cha maana. Viti na milango ndivyo vyenye uzito, halafu zulia.

Kama unafikiria kulipeleka gari kwenye Concours d'Elegance pale Ngong Racecourse, mashindano ya uzuri wa magari ambayo Alfa Romeo Owners Club iliyaanzisha mwaka 1970, karatasi hiyo na kadi ya data zitakuonyesha uanze wapi. Na kama ni kununua, nikuambie msimamo wangu wazi: kiti cha kiwandani kilichopasuka na kufifia nitakilipia zaidi kuliko kiti kipya cha rangi isiyo yake. Ngozi iliyochoka hulishwa mafuta na kushonwa nyufa. Iliyokatwa na kutupwa hairudi, na ngozi ya rangi ya 1983 haiuzwi tena dukani. Kilichopakwa kina matumaini, kwa sababu ya zamani bado iko chini.

Ndiyo maana lile gari la Lavington nililinunua hatimaye, baada ya bei kushuka na baada ya kadi ya data kufika ikiwa na kodi inayoanza na 2, ngozi, buluu. Mzee wa Ngara alikata kipande cha urefu wa kidole kutoka ule ukingo wa chini, akakitia kwenye bahasha, na kwa wiki tatu alichanganya rangi akiilinganisha na kipande hicho, kivulini, mlangoni mwa duka lake, asubuhi tu. Kiti cha nyuma ndicho alichokimaliza kwanza. Kipande bado kiko kwenye bahasha, ndani ya kisanduku cha dashibodi, kwa ajili ya viti vya mbele.